Kunasa setilaiti ya QO-100 kwa dishi la kawaida ukiwa Mtwara au Lindi (uzi maalumu)

#1 Mnazi_na_Dishi (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wakuu.

Kuna wadau wa kusini wamekuwa wakinifuata inbox wakitaka kujua namna ya kuisikia ile setilaiti ya wapenzi wa redio, QO-100. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa. Mods naomba msiuunganishe na ule uzi wa ving'amuzi, huu ni mambo mengine kabisa.

Kwanza ni kitu gani. QO-100 ni jina la mitambo ya wapenzi wa redio iliyo ndani ya setilaiti ya Es'hail-2. Es'hail-2 ni setilaiti ya Qatar, ilijengwa na Mitsubishi Electric na kurushwa kwa roketi ya Falcon 9 kutoka Florida tarehe 15 Novemba 2018. Kazi yake kuu ni televisheni za Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Ila ndani yake wakaweka transponda mbili (mitambo inayopokea mawimbi na kuyarusha tena chini) za redio ya ridhaa, yaani redio ya kujifurahisha isiyo ya biashara, kazi iliyofanywa na chama cha wapenzi wa redio cha Qatar pamoja na AMSAT-DL ya Ujerumani. Zilifunguliwa rasmi Februari 2019. Setilaiti za ridhaa zipo tangu OSCAR 1 ya tarehe 12 Desemba 1961, lakini karibu zote hupita juu yako kwa dakika chache zikaishia zake. Hii ni ya kwanza ya ridhaa iliyotulia palepale juu ya ikweta, kwenye digrii 26 mashariki hivi. Ukishaifunga, ipo mchana na usiku. Inaona Afrika yote, Ulaya, India na sehemu ya mashariki ya Brazil.

Inashusha mawimbi kwenye maikrowevu, GHz 10.5 hivi. Hayo ni masafa ya jirani kabisa na ya Ku, yale yanayotumiwa na dishi lako dogo la TV la nyumbani. Ndiyo maana inawezekana bila kuuza shamba la mikorosho. Dishi la sentimita 80 au 90 linatosha na kubaki. Hata la 60 utasikia.

Vifaa: dishi, LNB ya kawaida ya Ku (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi; yule "universal" mwenye namba 9750/10600 ubavuni), waya wa RG6, kidude cha RTL-SDR cha USB (redio inayoonyesha na kusikiliza masafa kupitia kompyuta), na kompyuta au simu ya Android yenye OTG.

Hesabu ni rahisi. LNB inapunguza 9750 kutoka kwenye masafa yanayoingia. Sauti za watu ziko kati ya MHz 10489.5 na 10490.0. Toa 9750, unabaki na 739.5 hadi 740.0. Hapo RTL-SDR inafika bila shida yoyote.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo watu wanapokwama. Maelezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na Wajerumani na Waingereza. Kwao LNB inazungushwa digrii kumi na kitu tu, karibu imesimama wima, kwa hiyo wengi hawalipi jambo hilo uzito. Sisi tuko karibu na ikweta na setilaiti iko magharibi yetu. Kwa Mtwara mjini LNB inatakiwa izungushwe digrii 54. Ukiiacha wima unapoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya mawimbi, kama dB 4.6. Ukizungusha hizo 54 kwa upande usio sahihi, hasara inafika dB 10, yaani unabaki na sehemu moja ya kumi. Mtu anakuja hapa analalamika dishi lake dogo, anataka la futi sita, kumbe tatizo ni shingo ya LNB.

Upande sahihi: simama nyuma ya dishi, tazama linakotazama dishi. Zungusha LNB kinyume cha mshale wa saa. Ukisimama mbele ya dishi ukiliangalia usoni, itaonekana umeizungusha kufuata mshale wa saa. Msichanganye hizo mbili.

Uelekeo kwa Mtwara mjini: digrii 305 kutoka kaskazini, mwinuko digrii 69. Lindi mjini 305 na 70. Newala na Masasi 309 na 70, LNB digrii 50. Liwale 309, mwinuko 72. Kwa aliye Mtwara mjini asiye na dira: jielekeze Lindi mjini, kisha sogea kulia kidogo tu. Umefika.

Nitaendelea kwenye maswali, vidole vimechoka.

#2 KijanaWaChikongola

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Tiririka mkuu. Mtwara kuchele!

#3 Ngurumo2

Kwa hiyo tunapata mpira bure au?

#4 Mnazi_na_Dishi

Hapana mkuu Ngurumo2, hakuna mpira. Ni watu wanaongea, wanapiga Morse, wengine wanarusha picha.

#5 Fundi_Antena_LDI

Mwanzisha uzi heshima yako. Mimi ni fundi madishi Lindi, nafunga kila siku, nina maswali mawili na nyongeza moja.

Nyongeza kwanza, kwa wale wenye madishi tayari juu ya bati. Azam iko digrii 7 mashariki. Ukiwa ukanda wetu dishi la Azam linatazama kama 285, mwinuko 50. Kwa hiyo kutoka hapo unalivuta kulia digrii 20 hivi kuelekea kaskazini na kulipandisha digrii 19. Ukitokea kwenye DStv ya digrii 36 ni kinyume: lile limeinuka sana, kama 77, linatazama 338. Lipeleke kushoto digrii 33 na ulishushe 8. QO-100 iko katikati ya hao wawili, usitafute mbali. Na bracket za huku zinafika huo mwinuko, msiogope, kama DStv inafungika na hii itafungika.

Maswali. La kwanza, mita yangu ya kutafutia signo itaniambia nimefika? La pili, hizo digrii 54 ni nyingi. LNB nyingi koneksheni yake inagonga mkono wa dishi ukishapita 45.

#6 Mnazi_na_Dishi

Fundi, hapo umeongea kama mtu wa kazi. Hizo namba za Azam na DStv ni sawasawa, nilipaswa kuziweka juu kabisa.

Mita: usiitegemee. Chaneli za TV za setilaiti hiyo zimeelekezwa kaskazini, si kwetu. Mita ya mlio inaweza kulia kwa jirani yake yeyote ukaamini umefika. Kinachokuambia umefika ni mchoro wa SDR kwenye skrini. Kuna bikoni tatu (ishara zinazorushwa muda wote kama alama za njia): ya chini 10489.500 na ya juu 10490.000 zote za Morse, na ya katikati 10489.750 ambayo ni ya data. Ukiona hiyo ya katikati imesimama kama ukuta mwembamba kwenye 739.750 au jirani yake, umeshaingia. Kisha sogeza dishi milimita kwa milimita mpaka ipande juu kabisa ya kelele, halafu cheza na LNB.

Kuhusu koneksheni kugonga mkono: usilazimishe. Badala ya kuzungusha 54 kushoto, izungushe 36 kulia (ukiwa bado nyuma ya dishi) na uipe volti 18 badala ya 13. Ndani ya LNB kuna vijiti viwili vilivyo pembe mraba, kimoja cha V (wima) na kingine cha H (mlalo), volti ndizo zinazochagua: 13 ni V, 18 ni H. 54 kushoto kwa V ni mahali palepale pa 36 kulia kwa H.

#7 Fundi_Antena_LDI

Hapo kwenye 36 umenifungua macho. Nafunga miaka yote sikuwahi kulifikiria hivyo, sisi tunazungusha mpaka quality ipande basi.

#8 DadaNaliendele

Samahani kaka zangu, mimi si fundi ila ninasoma. RTL-SDR yangu ni ile yenye uwezo wa kutoa umeme kwenye antena. Si inatosha kuiwasha LNB?

#9 Mnazi_na_Dishi

Dada, hapana. Ile inatoa volti 4.5 tu hivi, ni ya vikuza-mawimbi vidogo. LNB inahitaji 12 na kuendelea. Na usije ukaunganisha LNB yenye volti 13 au 18 moja kwa moja kwenye kidude, kitaungua palepale.

Njia rahisi kwa watu wa huku: chukua spilita ya dishi ambayo upande mmoja tu unapitisha umeme. Ule upande wenye umeme weka risiva yoyote ya zamani ya FTA (ya chaneli za bure) ikiwa imewashwa, chagua chaneli yoyote ya V, na ile amri ya 22 kHz ambayo risiva huituma kwa LNB izime. Upande usio na umeme weka RTL-SDR. Pima kwanza kwa multimita huo upande wa kidude kabla hujachomeka, usiamini maandishi ya kwenye kibati. Risiva haifanyi kazi nyingine yoyote pale, ni kulisha LNB tu.

22 kHz ni muhimu kuizima kwa sababu ikiwaka LNB inaruka kwenda 10600 na hesabu yote inavurugika.

#10 Solar_Tandahimba

Kijijini kwetu tunatumia sola. Betri ya volti 12 moja kwa moja kupitia bias-tee (kidude cha kuingiza umeme kwenye waya wa antena) inaenda?

#11 Mnazi_na_Dishi

Inaenda, ila kuwa mwangalifu saa za jua kali. Chaja ikiwa inasukuma, betri inapanda hadi volti 14 na pointi. LNB nyingi zinabadilisha kati ya V na H kwenye 14 au 15 hivi. Unaweza kuwa unasikia vizuri asubuhi, mchana kimya, jioni wamerudi, ukadhani ni setilaiti. Weka kidhibiti volti katikati kitakachoibana kwenye 12 au 13.

#12 Mzee_wa_Mikindani

Vijana, hayo mambo hayana matatizo na serikali? Mtu akiona dishi na kompyuta usiku atasema unapeleleza.

#13 Mnazi_na_Dishi

Shikamoo mzee. Wasiwasi wako ni wa maana. Redio ya ridhaa kwa kanuni za kimataifa hairuhusiwi kuficha maana ya mazungumzo wala kufanya biashara. Kila anayeongea anataja alama yake ya wito waziwazi, dunia nzima imsikie, na huko juu hakuna siri ya mtu. Kurusha ndiko kunakohitaji leseni ya TCRA, bila hiyo ni kosa. Hapa tunazungumzia kupokea, dishi lako halitoi chochote. Na jirani akiuliza, mkaribishe ndani asikilize. Watu wengi wakishasikia sauti yenyewe hamu inaisha wanaomba uwarudishie taarifa ya habari.

#14 Mzee_wa_Mikindani

Marahaba. Sawa, nimekuelewa. Sisi zamani tulikuwa tunasikiliza redio za mbali kwa mawimbi mafupi usiku, waya umefungwa kwenye mnazi. Idhaa inakuja na kuondoka. Hii nayo inakuja na kuondoka?

#15 Mnazi_na_Dishi

Hapana mzee, na kwangu huo ndio utamu wake. Mawimbi mafupi yanategemea tabaka za juu za anga, ndiyo maana usiku na mchana vinatofautiana. Haya ya GHz 10 yanapita moja kwa moja. Kutoka Mtwara hadi kule ni kama kilomita 36,100. Mtu akirusha, sauti yake inapanda na kushuka kwa karibu robo ya sekunde. Ukiwa unapokea unachorusha mwenyewe unajisikia unajirudia.

Kinachoiyumbisha ni mvua kubwa. Wingu zito la Januari likikaa upande wa kaskazini-magharibi utaona kelele inapanda na bikoni inashuka, likipita inarudi.

Kingine ni jua. Kila mwaka mara mbili jua linapita nyuma kabisa ya setilaiti ukitazama kutoka kwetu: mwishoni mwa Machi, tarehe 25 hivi, na katikati ya Septemba, tarehe 18 hivi, kati ya saa saba na robo na saa saba na nusu mchana. Kwa dakika kadhaa jua lenyewe linapiga kelele kwenye LNB.

#16 Fundi_Antena_LDI

Hiyo ya jua mafundi tunaijua, wateja wanapiga simu mchana kwamba picha inakatika, kesho yake tena saa ileile. Ila usiione kama hasara tupu. Siku hizo ndizo za kujua kama kuna kitu kinakuziba. Simama pale unapotaka kufunga dishi saa saba na nusu mchana. Kivuli cha mwembe au mnazi kikikuangukia, dishi nalo litazibwa. Hakuna haja ya dira wala programu ya simu.

#17 KijanaWaChikongola

Fundi hiyo nimeinakili.

Mwanzisha uzi, mimi nina LNB ya Azam imekaa tu, na pia mshua ana dishi kubwa la wavu la zamani la C-band. Kipi bora?

#18 Mnazi_na_Dishi

LNB ya C-band iweke pembeni, ile ni ya GHz 3.4 hadi 4.2, haihusiki. Lakini dishi lenyewe unaweza kuliwekea LNB ya Ku katikati, mradi matundu ya wavu yawe madogo. Urefu wa wimbi hapa ni sentimita 2.86. Tundu likizidi milimita tatu hivi, mawimbi yanaanza kuvuja nyuma. Wavu wa futi sita uliokunjika na kutoboka kwa kutu ya bahari utakuzidishia kazi bure. Na dishi la duara kamili lenye LNB katikati, kwa mwinuko wa 69, linatazama karibu juu kabisa. Mvua za Desemba hadi Aprili litajaa maji na majani. Toboa kitundu chini.

Kwa nini unahangaika? Chukua la Azam. Hakikisha tu LNB si ile ya kisasa inayolisha risiva nyingi kwa waya mmoja kwa amri za risiva, ile haitakupa 9750 kirahisi.

#19 Mtaalamu_Uchwara

Naona watu wanapambwa hapa. LNB za bei poa zinatembea masafa kama nini. Mtu atasikia sauti dakika mbili kisha imekimbia. Bila kubadilisha oscillator yake kwa GPS ni kupoteza muda.

#20 Mnazi_na_Dishi

Mkuu, nusu uko sawa, nusu unawatisha watu.

LNB za zamani kabisa zilitumia kipande cha kauri cha DRO, zile kweli zinatembea hovyo. Za sasa nyingi ni za PLL, zina fuwele ya MHz 25 ambayo inazidishwa mara 390 kupata 9750. Tatizo ni kwamba kosa la fuwele nalo linazidishwa. Sehemu moja katika milioni ni kHz 9.75 huko juu, wakati sauti ya mtu mmoja kwa SSB (namna ya kurusha sauti inayotumika huko) inachukua kHz 2.7 tu. Kwa hiyo LNB ikipigwa na jua la Mtwara saa sita, halafu upepo wa bahari ukaipoza, sauti ya mtu itageuka ya bata, kisha ya jitu, kisha imepotea.

Lakini dawa haianzii kwenye GPS. Bikoni ya katikati ipo kwa kazi hiyo. Inajulikana iko 10489.750. Ukiiona kwako kwenye 739.770 badala ya 739.750, maana yake LNB yako inatoa 9749.980, unaandika hivyo kwenye programu na kila kitu kinarudi mahali pake. SDR Console ya Windows inaweza kuishika bikoni yenyewe na kusahihisha muda wote. Kwenye simu kuna SDR++, unaweka tu tofauti ya 9750 na unasahihisha kwa mkono mara mojamoja. Ukiweka na kikinga jua juu ya LNB (mimi nimekata galoni jeupe la mafuta ya kula, plastiki tupu isiyo na karatasi ya fedha mbele ya mdomo wa LNB), mchezo unatulia sana.

Kuiunganisha na GPS ni kwa anayetaka kurusha data nyembamba au anayependa ubora kwa ajili ya ubora. Mimi sijaona haja.

#21 Mtaalamu_Uchwara

Sawa, kwenye kusikiliza tu nakubali. Ila kwa Morse na data bado nasema GPS.

#22 DadaNaliendele

Mimi nimefunga. LNB mpya, dishi la sentimita 80, spilita kama ulivyoelekeza na upande wa kidude umepimwa hauna umeme. Kelele ipo lakini sioni bikoni hata moja. Nitajuaje kama LNB inafanya kazi?

#23 Mnazi_na_Dishi

Elekeza dishi penye anga tupu, angalia usawa wa kelele kwenye skrini. Kisha weka kiganja karibu na mdomo wa LNB ukifunike. Kelele inatakiwa ipande waziwazi, kwa sababu mwili wako una joto na anga ni baridi. Isipopanda, LNB haina umeme au imekufa au spilita inakula. Ikipanda, LNB ni nzima na tatizo ni uelekeo.

Na angalia upana unaoonyesha kwenye programu, watu wengi wanaweka 10489 bila kuweka tofauti ya 9750 wakabaki wanatazama masafa ambayo kidude hakifiki.

#24 Fundi_Antena_LDI

Dada uko wapi Naliendele? Na LNB umeizungusha kwa kuangalia nyuma au mbele?

#25 DadaNaliendele

Kelele inapanda nikiweka mkono. Nilikuwa nimeizungusha nikiwa mbele, kinyume cha mshale wa saa.

#26 Fundi_Antena_LDI

Basi ndiyo ile hasara ya dB 10 aliyoisema mwanzisha uzi. Ipeleke upande mwingine kote, pita katikati uendelee.

#27 DadaNaliendele

Nimeipata!!! Bikoni ya kati ipo 739.762, na pembeni yake vimistari vingi vinakuja na kuondoka. Nikibonyeza vinaongea kama chura.

#28 Mnazi_na_Dishi

Hongera sana dada. Hao ndio watu. Kwenye programu chagua USB (aina ya SSB, si ile ya waya), upana 2.7 kHz, na uhamishe polepole mpaka sauti iwe ya binadamu. Chini kabisa, mbali na bikoni ya kati, ni Morse na data; wanaoongea utawakuta jirani na bikoni hiyo na juu yake.

#29 DadaNaliendele

Kuna mmoja anaongea Kijerumani na mwingine Kiingereza chenye lafudhi ya Afrika Kusini, anasema alama ya ZS. Mdogo wangu anauliza kama wanatusikia 😂

#30 Ngurumo2

Sasa naomba niulize kwa nia njema kabisa, siyo kejeli. Faida yake ni nini? Mjerumani na Msauzi wanasalimiana, sisi tunapata nini?

#31 Mnazi_na_Dishi

Swali halali. Hela hupati. Binafsi naona faida iko kwa vijana wa ufundi. Kijana anayefunga madishi kwa kufuata mlio wa mita, baada ya wiki chache za kuhangaika na hii ataelewa kwa nini LNB inazungushwa, volti zinachagua nini, 22 kHz ni ya nini, na masafa yanahama vipi. Elimu hiyo anarudi nayo kazini. Shule yenye umeme na dishi bovu nyuma ya bweni inaweza kuonyesha fizikia ya mawimbi kwa kitu cha kusikika. Kule Antaktika, kituo cha Wajerumani cha Neumayer III nacho kina mtambo wa QO-100, alama yao ni DP0GVN. Fikiria darasa la Nachingwea linasikia mtu anaongea kutoka kwenye barafu.

Ukitaka kuonja kabla hujanunua kitu, kuna kipokezi cha mtandaoni kilichopo kituo cha Goonhilly, Uingereza, kinachoendeshwa na vyama vya wapenzi wa redio vya huko, BATC na AMSAT-UK. Unasikiliza kwa kivinjari. Kinakula bando, lakini pia kinakusaidia kulinganisha: ukimsikia mtu kule na kwako husikii, tatizo ni lako.

#32 Solar_Tandahimba

Afrika Mashariki tuna historia na anga ila hatuisemi. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, na jina walilipa la Kiswahili. Mwanzisha uzi kataja OSCAR 1 ya tarehe hiyohiyo 1961. Nimeona nichomekee.

#33 MtuWaDar

Mko vizuri kusini. Kwa Dar namba ni zipi?

#34 Mnazi_na_Dishi

Uelekeo 296, mwinuko 72, LNB 63 upande uleule. Kadiri unavyosogea ikweta inazidi kulala. Nairobi ni kama 83.

#35 KijanaWaChikongola

Swali: huku kwenye 10491 mpaka 10499 naambiwa wanarusha TV ya ridhaa. Risiva ya FTA haiwezi kuonyesha?

#36 Mnazi_na_Dishi

Ipo, ni transponda pana, na yenyewe ni ya H, kwa hiyo volti 18 kama umefuata njia ya 54. Bikoni yake iko 10491.5, kwa DVB-S2 (mfumo wa TV za setilaiti), simboli 1500. Lakini toa 9750 unapata 741.5, na risiva za kawaida zinaanzia 950. Haitafika, hata uiwekee namba gani. Watu wanatumia kipokezi kinachoitwa MiniTiouner, au SDR yenye programu inayofungua DVB-S2. SDRangel inafanya, ila kompyuta iwe na nguvu.

#37 Mtaalamu_Uchwara

Na kurusha je? Maana naona dada wa Naliendele mdogo wake anataka asikike.

#38 Mnazi_na_Dishi

Kupanda ni kwenye 2400.0 hadi 2400.5, chini kidogo tu ya chaneli ya kwanza ya WiFi, kwa mawimbi ya mzunguko wa kulia. Wati chache na dishi la ukubwa huohuo zinatosha. Leseni kwanza, TCRA, alama za Tanzania zinaanza na 5H. Na sheria ya adabu kule juu: usiwe na nguvu kuizidi bikoni. Ukizidi, mtambo wa LEILA unakupigia king'ora juu ya masafa yako kila mtu anasikia. Hilo litahitaji uzi wake, sitaki kulianza hapa wakati watu hawajamaliza kuzungusha LNB.

#39 Fundi_Antena_LDI

Wadau wa Lindi mjini, Mtama na Ruangwa, mwenye dishi lililo tayari ila hana RTL-SDR aje inbox. Mimi ninacho kimoja, tunaweza kuzunguka nacho jioni jioni tufunge kwa zamu. Njooni na RG6 mpya. Huku pwani F-koneksheni za mwaka jana zote zimeshaliwa na chumvi, mkizikuta na unga wa kijani ndani zikateni.

#40 Mzee_wa_Mikindani

Fundi, na Mikindani utafika? Dishi ninalo, la sentimita 90, na mwembe wa jirani uko upande wa mashariki.

#41 Fundi_Antena_LDI

Shikamoo mzee. Upande wa mashariki hautusumbui. Nakuja wiki ijayo, nitakutafuta inbox.